Kambi zetu za riadha ziwe na mshauri nasaha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi, makocha na wenye kambi za riadha za Elgeyo-Marakwet, Nandi na Uasin Gishu. Mimi ni binti wa Iten. Niliondoka nyumbani Agosti 2019 kwa ufadhili wa masomo, nikaja kukimbilia chuo kikuu kimoja hapa jimbo la Oklahoma, Marekani. Shahada ya kwanza, ya saikolojia, niliipata 2023. Tangu hapo nasomea uzamili katika ushauri nasaha wa afya ya akili, na muda mwingi wa masomo hayo nilikuwa bado navaa jezi ya chuo. Niliivua kwa mara ya mwisho Februari 2025.

Nikipiga simu nyumbani naulizwa swali moja. Mjomba wangu, aliyeninunulia viatu vyangu vya kwanza vya misumari, huliuliza kwa upole: "Mwanangu, hayo masomo yataisha lini ukimbie?" Wengine hawana upole wake. Wananihesabia wenzangu wa shule waliokwisha kununua mashamba kwa pesa za marathoni za Ulaya, huku mimi nikibeba vitabu. Wanaamini kila saa ninayokaa darasani imeibwa miguuni. Mjomba, leo nakujibu hadharani, maana najua gazeti hili hulisoma mpaka matangazo ya vifo.

Ni kweli masomo yamenigharimu. Sitakuficha.

Watu wa nyumbani hudhani chuo cha Marekani ni mazoezi na kulala. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hapa, huruhusu saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, zisizozidi 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Ukizisikia hivyo utaona ni nyepesi. Lakini siku ya mashindano huhesabiwa saa 3, hata kama mmeamka saa kumi alfajiri mkarudi usiku wa manane. Safari ya basi haihesabiwi. Kuloweka miguu kwenye maji ya barafu na kukandwa misuli hakuhesabiwi. Na sisi wa mbio ndefu hatuna msimu mmoja: tunaanza mbio za nyika mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, tunaingia mbio za ndani ya ukumbi Desemba hadi Machi, kisha tunahamia uwanja wa nje hadi Juni. Mwenzetu wa mpira wa kikapu humaliza msimu wake akapumua. Sisi tunavua viatu vya nyika tukivaa vya uwanjani.

Masomo yenyewe nayo hayakubali kushikwa kwa mkono mmoja. Programu yetu imeidhinishwa na CACREP, chombo kinachopima mafunzo ya washauri nasaha hapa, na ina krediti 60. Madarasa ni ya jioni kwa sababu wengi wanaosoma wana kazi mchana, kwa hiyo nilikuwa natoka uwanjani saa kumi na moja nikiwa na jasho, nakula ugali wa Jumapili kutoka kwenye kopo ndani ya gari, naingia darasani mpaka saa tatu usiku. Na darasa ni sehemu ndogo. Kabla hujavaa joho lazima umalize saa 100 za mafunzo ya awali kazini, 40 kati yake uso kwa uso na wateja, kisha saa 600 nyingine, 240 uso kwa uso. Kila wiki unaketi na msimamizi wako mnapitia ulichosema na ulichonyamazia.

Hapo ndipo mbio na kazi zilipogongana. Kituo cha ushauri cha chuo kipo mwendo wa dakika tano kutoka uwanjani, kingenifaa sana. Maadili ya kazi hii hayakuruhusu, kwa sababu huko ndiko wenzangu wa timu wanakokwenda. Huwezi kupimana nguvu na mtu kwenye kilima asubuhi, halafu mchana akae mbele yako akufungulie moyo. Nikapelekwa kliniki ya jamii, dakika 40 kwa gari. Na kwa kuwa nina viza ya mwanafunzi, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilibidi iidhinishe kwanza kwa maandishi. Ukianza bila idhini hiyo umevunja sheria ya uhamiaji, hata kama hulipwi vizuri.

Halafu kuna kumbukumbu za wateja. Wenzangu wanaosomea biashara walikuwa wakifungua tarakilishi ndani ya basi la timu na kumaliza kazi zao kabla hatujafika. Mimi sikuweza. Neno la mteja haliandikwi mahali ambapo jicho la mtu wa kiti cha nyuma linaweza kufika. Kwa hiyo tukirudi Jumamosi usiku, Jumapili baada ya mbio ndefu nilikuwa naendesha zile dakika 40, mlinzi ananifungulia, nakaa peke yangu kwenye jengo tupu naandika.

Oktoba 2024 mteja mmoja alikuwa na miadi Alhamisi jioni. Timu ilikuwa inaondoka Alhamisi hiyo hiyo adhuhuri kwa mashindano ya Ijumaa, jimbo jirani. Miadi yake nilikuwa nimeshaiahirisha mara moja kwa sababu ya mbio. Juu ya mtu huyo sitasema lolote. Nitasema tu kwamba msimamizi wangu aliniuliza, "Ukiahirisha tena, yeye atasikia umesema nini?" Nikaenda kwa kocha. Hakufoka. Aliitazama karatasi yake ya majina kwa muda mrefu, halafu akasema kocha msaidizi atabaki anisubiri. Nilimaliza kazi saa moja usiku, tukasafiri kwa muda wa saa tano, nikaweka kichwa kwenye mto saa saba za usiku. Saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye mstari.

Katika nyika za chuo timu hupanga wakimbiaji 7, lakini wanaohesabiwa ni 5 wa kwanza. Msimu ule mimi nilikuwa nikimaliza wa tatu kati yetu. Siku ile nilimaliza wa sita. Kuanzia kilomita ya nne miguu ilikuwa kama imefungwa mifuko ya mchanga, nikawa nawaona wasichana ninaowashinda kila wiki wakinipita mmoja mmoja, nasikia pumzi zao, sina la kuwafanya. Timu yetu ilipitwa kwa alama chache ambazo mimi wa siku zote ningezileta. Hakuna aliyenilaumu. Tukiwa kwenye basi, msichana wa mwaka wa kwanza alimenya chungwa akanipa nusu, nami nikalishika mkononi mpaka likapata moto.

Kwa hiyo, mjomba, hesabu yako ni sahihi, saa zile zilitoka miguuni. Sasa nikueleze kwa nini nilizitoa.

Tarehe 13 Oktoba 2021 Agnes Tirop alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Zilikuwa zimebaki siku 10 atimize miaka 26. Mwezi mmoja kabla alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao, dakika 30 na sekunde 1, kule Ujerumani. Nilipokuwa msichana wa shule nilikuwa nikimwona akipita na kundi lake asubuhi, nasi tunabandika hatua nyuma yao mpaka tunashindwa. Habari zilinifikia katikati ya wiki ya mazoezi makali. Nilikimbia mazoezi yote, kila mzunguko kwa muda uliopangwa, na nilipomaliza kocha akanisifu. Sikumwambia. Nilijiuliza usiku ule ni wangapi Iten wanaotimiza mzunguko kwa muda uliopangwa huku ndani kunawaka, na nani anawajua. Wenzake wengine walianzisha Tirop's Angels ili wanawake wanaopigwa na kunyanyaswa wapate pa kukimbilia, na kwa hilo ninawaheshimu kuliko medali yoyote.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yangu. Oktoba 2022 picha ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa wa muundi. Nyika ikaisha, na ukumbi ukaisha. Nilikuwa nakimbia ndani ya bwawa la kuogelea, mkanda wa kuelea kiunoni, nikitazama saa ya ukutani, dakika 70 bila kusogea. Nyumbani sikusema. Mama alikuwa akiuliza "mazoezi yanaendeleaje?" namwambia vizuri. Na kwa kuwa ufadhili wangu ulikuwa umefungwa kwenye miguu hiyo hiyo, kila nilipolala nilikuwa nauona mguu, nauona uwanja wa ndege wa Eldoret, nawaona watu waliokuja kunisindikiza wakiwa wamekuja kunipokea kabla ya wakati.

Mtabibu wa timu alinipa karatasi yenye maswali 9, yote yakihusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, kujiona huna thamani na mengineyo. Nilijibu "hapana kabisa" kote. Aliitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akasema suruali yangu ya mazoezi haikai tena kiunoni. Hakunituma, alinipeleka kwa miguu yake mpaka mlangoni kwa mshauri.

Naomba niueleze mlango huo. Sakafuni, nje yake, palikuwa na kimashine cheupe kidogo kama sufuria ya chai, kinavuma kama upepo wa bondeni. Nilidhani ni kipoza hewa. Mshauri akaniambia kazi yake ni kuzuia maneno ya ndani yasisikike nje. Nilikaa kimya sehemu kubwa ya kipindi kile, nasikiliza mvumo. Baadaye nikamwambia kwa Kiingereza kile ambacho kwetu kila mtu angekielewa, kwamba nina mawazo. Akasubiri niendelee. Kwake kila mtu ana mawazo, kwa nini aje kuyashtakia kwa mshauri? Nikagundua sina neno jingine. Kwetu tunasema "ana mawazo" tukimaanisha halali usiku, hali chakula, anatembea lakini hayupo. Tunasema amechoka, kichwa kinamsumbua. Ilituchukua wiki tatu mimi na yule mama kulifungua hilo neno moja, na ndani yake tulikuta mguu, baba aliyefariki nikiwa kidato cha pili, na pesa za karo za wadogo zangu wawili nilizokuwa natuma kimya kimya kutoka kwenye posho ya chakula.

Alinisaidia sana. Lakini kuna siku nilimwambia sijakimbia siku tatu, akafurahi kwamba nimepumzika. Asingeweza kujua. Mkimbiaji wa Iten akikwambia hajatoka nje siku tatu, inuka umtafute. Siku hiyo ndipo nilipoamua nitasomea kazi hii.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa uzamili, usiku wa tarehe 11 Februari 2024, Kelvin Kiptum alifariki katika ajali ya barabarani karibu na Kaptagat pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda. Alikuwa na miaka 24, na marathoni ya Chicago miezi minne kabla aliikimbia kwa saa 2 na sekunde 35. Siku 4 baadaye akafariki mzee wetu Henry Rono. Wa rika langu wengi hawamjui, na hilo linaniuma. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State University, alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Kisha pombe ikamwandama kwa miaka mingi, huko huko ugenini, na mwenyewe hakuficha hilo. Wiki ile darasani tulikuwa tunasoma juu ya msiba na majonzi. Profesa aliuliza nani ana mfano. Niliinua mkono nikasema nina wawili, nikashindwa kuendelea.

Najua mtaniambia ni nani alisoma akakimbia. Mike Boit alipata shaba ya mita 800 Munich 1972, akasoma Marekani mpaka akapata udaktari, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Sally Kipyego alisomea uuguzi Texas Tech huku akikusanya mataji ya vyuo, kisha akashinda fedha ya mita 10,000 London 2012. Mzazi, mtoto wako akiletewa barua ya chuo, usiulize dau tu. Uliza atasomea nini, na mguu ukivunjika ufadhili unaendelea au unakatika. Mimi mtu mmoja aliyekuwa akitupeleka vyuoni alinishauri nichukue somo jepesi nisijisumbue. Nashukuru sikumsikiliza.

Ninachotaka hasa ni hiki. Kambini kwetu kuna kocha, kuna wa kukanda misuli, kuna wa kupika, kuna wa kupiga picha za kuweka mtandaoni. Hakuna mshauri nasaha. Msichana wa miaka 18 analala chumba kimoja na wenzake watano, kuta za mabati au mbao, anayekohoa chumba cha tatu unamsikia. Anasubiri mwaka wa pili, wa tatu, wakala amwite. Anayemshikia pesa na anayempangia mazoezi wakati mwingine ni mtu mmoja, na mtu huyo huyo ndiye anayetaka awe mume wake. Akiwa na la kusema atalisemea wapi, na nani asisikie?

Wenye kambi hunijibu kwamba wanariadha hawatakwenda, wataogopa kuitwa wendawazimu. Nawaelewa, maana hofu hiyo haikuwa ya bure. Mpaka juzi, mtu aliyejaribu kujiua akaponea alikuwa mhalifu chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na angeweza kufungwa hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nilikuwa kwenye gari nje ya kliniki nilipoisoma hukumu ile kwenye simu, nikachelewa kuingia. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia tunayo tangu 2014, kwa hiyo kazi hii ina njia yake ya kusajiliwa. Tulichokosa ni mtu wa kuwaajiri hawa watu na kuwaleta walipo wakimbiaji. Kaunti zetu tatu hujisifia ubingwa kila Olimpiki. Ziajiri washauri, hata mmoja kwa kambi tano, anayezunguka kwa zamu. Wawe watu wanaojua maana ya kubaki nyuma ya kundi kwenye fatleki ya Alhamisi, yale mazoezi ya kubadilisha kasi, mbele ya macho ya wote. Wakimbiaji waliostaafu na kusoma wapo, waulizwe.

Mimi mwenyewe saa zangu 600 zinaelekea kuisha, na Desemba nitakuwa Iten. Nitatafuta usajili, na mpaka niupate sitajiita mshauri wa mtu. Asubuhi saa kumi na mbili nitakuwa barabarani na yeyote atakayekubali mwendo wangu, ambao mjomba ataona umepungua. Usajili ukitoka, kambi itakayonitaka sitaidai mshahara mwaka wa kwanza. Nitaidai chumba kimoja chenye kuta za mawe na mlango unaofungika, na viti viwili. Kile kimashine cha kuvuma nimeshakinunua, kimo kwenye sanduku.

Mwanariadha na mwanafunzi,
Oklahoma, Marekani
(Jina langu unalo, Mhariri. Naomba ulihifadhi kwa ajili ya watu ninaowahudumia.)